F1 2020 ya PS4: kwenye injini gemu lina haki kuliko sheria za Formula 1 zenyewe

Wakuu habari za leo, naleta tathmini ya F1 2020 ya PS4, gemu la Codemasters wa Uingereza. Najua la kitambo ila hapa Dodoma CD zake used bado zinapatikana kwa bei ya kawaida na halili bando, ukiweka CD unacheza. Mabanda ya gemu ya huku Chang'ombe ni FIFA asubuhi mpaka usiku kwa hiyo wengi hawajaligusa, na kiukweli wanakosa kitu.

Grafiki safi, sauti za injini safi, hayo sirefushi. Nilichokuja kusema ni injini. Kwenye My Team unakuwa mmiliki na dereva wa timu ya 11 na unachagua injini ya Mercedes, Ferrari, Renault au Honda. Mimi nilichukua Honda makusudi kabisa kwa sababu walichofanyiwa 2015 mpaka leo kinaniuma. Kipindi kile kulikuwa na tokeni, yaani ruhusa za kubadilisha injini zinazohesabiwa, injini nzima ya V6 turbo imegawanywa kwa tokeni 66, na Mercedes, Ferrari na Renault kila mmoja kapewa 32 za kubadilisha vitu mwaka huo. Honda ndo kwanza anarudi, akiwapa injini McLaren, wenzake wana msimu mzima mkononi, akapewa 9. Tisa! Injini inanoki kila wiki na kila ukibadilisha ukapitiliza idadi inayoruhusiwa unarudishwa nyuma kwenye foleni ya kuanzia mbio, kule Spa Ubelgiji madereva wa McLaren, Alonso na Button, wakapigwa adhabu ya jumla ya nafasi 105 wakati magari yote yalikuwa 20. McLaren wakamaliza wa 9 na pointi 27. Sasa hiyo ni sawa na kufunga dirisha la usajili wakati timu haina kipa halafu unasema sheria ni moja kwa wote. Aliyewahi kupatia ndo analindwa, na Mercedes alikuwa ameshashinda mbio 16 kati ya 19 mwaka 2014.

Gemu halikubani hivyo. Ukiona injini yako dhaifu unakusanya pointi mazoezini ijumaa, unazipeleka upande wa injini au upande wa uimara, ni wewe na akili yako. Utamu wenyewe uko kwenye uchakavu, ukibonyeza mishale ya pedi inakuja skrini ndogo yenye vifaa vya injini kila kimoja na asilimia yake, kijani, njano, halafu nyekundu, na ikishazeeka unaiona kabisa Monza, uwanja wa Italia, kwenye ile nyoofu ndefu, umekanyaga mpaka mwisho na jamaa wa nyuma anakupita kama umesimama. Kwa hiyo unajifunza kubana, mazoezini unafunga ile kuukuu, Monaco pia unaivumilia maana kule nguvu haina kazi sana, nzima unaitunzia Spa na Monza. Hapo ndo unaelewa kwa nini timu za kweli zilizokuwa na injini 3 kwa kila dereva msimu wa 2020 zilikuwa zinaumiza vichwa.

Udhaifu upo. Magari ya kompyuta yananoki mara chache mno, mbio za kweli haziko hivyo, muulize Leclerc wa Ferrari, Barcelona na Baku 2022 alikuwa anaongoza zote mbili injini ikamuacha njiani. Halafu gemu halina kabisa ile hali ya kugandisha injini kama walivyofanya kuanzia 2022 mpaka 2025, ambapo uliruhusiwa kubadilisha kitu kwa sababu kama uimara, usalama au kupunguza gharama, si kuongeza nguvu, na FIA wanaosimamia Formula 1 wakubali. Natamani wangeiweka maana hapo ndo kuna ujanja wote, Alpine, timu ya Renault, walisema wazi kwamba walitafuta nguvu kwanza uimara watarekebisha baadaye kwa kuwa uimara unaruhusiwa. Na ukishaimarisha kilichokuwa kinakatika si unaachia nguvu uliyokuwa umeibana? Kwa hiyo sheria ilikuwa inampa nafasi aliyethubutu kuvunja, yule aliyetengeneza injini ngumu lakini nzito ya mwendo hana pa kutokea. Kwangu mimi hiyo haikuwa haki kabisa.

Nilichopenda ni 2026, FIA sasa wanapima injini na atakayebaki nyuma kuanzia asilimia 2 anapewa nafasi ya ziada ya kuboresha. Imechelewa sana ila ndo njia, mpe aliyeachwa nafasi ya kutengeneza, halafu akishindwa ameshindwa mwenyewe.

Turudi kwenye gemu, mimi nalipatia alama 8 kwa 10. Ukianza chagua msimu wa mbio 10 kwanza, ule wa 22 mrefu na umeme ukikatika katikati ya mbio inauma sana. Wenye mabanda mnaosoma hapa lina split screen, watu wawili kwenye TV moja, wekeni hata PS moja ya F1 jumapili muone kama hamtapata wateja.