Omeprazoli wiki nane: moto umezimika, ugali umekaa

Nilianza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ya miligramu 20 baada ya kiungulia kuninyima usingizi wiki nzima. Nikilala tu, maji machachu yanapanda hadi kooni, naamka naegemea mito mitatu kama niko wodini. Daktari alipima choo, bakteria wa vidonda vya tumbo hawakuonekana, akaniandikia wiki nane: kidonge kimoja asubuhi, nusu saa kabla ya kula.

Hiyo nusu saa msiichukulie poa. Siku za mwanzo nilikimeza pamoja na chai na chapati, nikaona nimetupa hela. Mfamasia ndiye aliyenifungua macho: dawa hii hufunga pampu za asidi kwenye ukuta wa tumbo, na huzinasa zikiwa kazini, yaani chakula kinapoingia. Lazima iwe imeshafika kwenye damu kabla. Nilipojirekebisha, siku ya nne nililala hadi adhana ya alfajiri. Kwa kiungulia naipa tisa kati ya kumi.

Shida ikaja wiki ya tatu. Nimekula ugali na maharage saa saba mchana, saa moja usiku bado nabeua maharage yaleyale, tumbo limevimba kama ngoma. Mke wangu akaniuliza nimepitia wapi kula tena! Uji na supu, hakuna tatizo. Nikajifanya mjuaji, nikaongeza dawa ya kutafuna ya kutuliza asidi, yenye magnesiamu, nikaishia kuhara siku mbili. (Zile za aluminiamu nazo hufunga choo, kwa hiyo chagua adhabu yako.)

Daktari alinieleza kwamba asidi haipo tumboni kutuunguza tu. Ndiyo inayoiamsha pepsini, kimeng'enya kinachoanza kuvunja protini. Asidi ikipungua, nyama na maharage huchelewa kusagika, na mlango wa chini wa tumbo haupitishi mapande. Unasubiri yawe rojo. Ndiyo maana chakula kigumu hukawia wakati uji unateremka zake. Si kila mtu yanamkuta: dada yangu anameza dawa hiihii na hajawahi kulalamika. Mimi nikapunguza tonge, nikatafuna kama mzee asiye na meno, na nyama nikaihamishia mchana. Tumbo likapungua, ingawa halikwisha kabisa.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuacha ghafla wiki nane zilipoisha. Siku ya tatu kiungulia kilirudi kwa hasira kuliko mwanzo. Kumbe asidi inapozuiwa, mwili huongeza gastrini, homoni inayoidai, na breki ikiachiliwa asidi hufurika. Daktari akanirudisha kwenye dawa, safari hii nikaiacha kwa kuruka siku, kisha siku mbili, mpaka ikaisha.

Sasa ni mwezi wa pili sijaimeza. Pilau ya usiku ndiyo bado naiogopa.