Kituo cha wazee Iringa: huduma nzuri, faili lenye mapengo

Mama yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 81, ametimiza miezi tisa katika kituo hiki cha kutunzia wazee, nje kidogo ya mji wa Iringa. Vyumba ni visafi, chakula hufika kikiwa cha moto, na wahudumu humwamkia "Shikamoo, bibi" kabla ya kumgusa, jambo ambalo kwa mtu wa rika lake si dogo hata kidogo. Wakati wa baridi ya Juni na Julai hakukosa blanketi la pili wala maji ya moto ya kuoga. Kwa hayo nawashukuru kwa dhati. Ninachotaka kukieleza kwa kirefu ni faili lake.

Kiharusi kilimwacha akiwa hawezi kujigeuza kitandani, na kwa hiyo imeagizwa ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo. Jumamosi moja ya Julai niliomba kuiona fomu ya kumgeuza. Mistari yote saba, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, ilijazwa kwa mwandiko mmoja, kalamu moja na sahihi moja, ilhali zamu hubadilishana saa 2 usiku. Mhudumu niliyemuuliza hakunificha: ilijazwa asubuhi, kwa kukumbuka. Nilipofunua blanketi nilikuta kisigino cha kushoto kimebadilika rangi, kigumu na chenye joto kuliko cha kulia. Sisemi kwamba hakugeuzwa usiku ule. Nasema kwamba fomu ile haikuweza kumwambia daktari kama aligeuzwa au la, na hapo ndipo alipohitaji kujua.

Kadi ya dawa nayo ilinitia wasiwasi. Kidonge cha presha, ambacho humeza mara moja kwa siku, muuguzi mmoja aliandika amempa "saa 2" na mwingine siku iliyofuata akaandika "8:00", bila yeyote kutaja asubuhi au usiku. Anayeingia zamu akisoma hivyo anaweza kumpa mara ya pili, au asimpe kabisa. Katika daftari la ripoti, maneno "amekula vizuri" yalijirudia siku kumi na moja mfululizo, ingawa mwenyewe nilimwona akiacha nusu ya bakuli la uji na kukataa maji.

Uongozi ulinisikiliza kwa heshima na haukujitetea. Siku hizi kila mhudumu anajaza papo hapo alipomaliza kazi na kuandika jina lake, saa zinaandikwa kwa mtindo wa 24, na kosa linakatwa kwa mstari mmoja badala ya kufutwa. Lililobaki ni kwamba mafaili bado yanalazwa juu ya meza ya mapokezi, mahali ambapo mgeni yeyote anaweza kuyafunua, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kabati lenye kufuli lingetosha.

Nimeamua mama mkubwa aendelee kukaa hapo. Jumamosi iliyopita nilisoma katika fomu: "04:00, amegeuzwa ubavu wa kulia, kisigino cha kushoto kimekaguliwa, ngozi ni laini," na chini yake jina la mhudumu wa usiku. Nilikigusa kisigino, na kilikuwa kama alivyoandika.