Atelie ya vitro pale Kamalondo: kazi ya mikono ni safi, kufunga dirisha ndiyo shida

Naandika hii juu ya wale wanaouliza kila mara kama hapa L'shi (Lubumbashi) kuko mtu anayeweza kutengeneza vitro ya kweli, ile ya kanisa, ya vioo vya rangi vilivyoshikwa na risasi, ile metali laini ya kijivu. Kuko. Ni atelie ndogo ya Kamalondo, papa mmoja fundi na vijana wake, hakuna plaki ku mlango, we uliza tu fundi wa vitro watu wa mtaa watakuonyesha. Wametutengenezea madirisha ya kapela ya jumuiya yetu, kamati ilinituma nifuate kazi tangu desini mpaka kufunga, kwa hiyo niko na mengi ya kusema, mengi ni mazuri, na moja ni baya ambalo linaweza kukuharibia pesa yote usipoangalia.

Kwanza tuelewane. Mjini sasa kila mtu anauza "vitro", na mara nyingi ni plastiki ya kubandika juu ya kioo cheupe, ao rangi ya kopo imepakwa na brashi halafu wanaongeza mistari myeusi ya kuigiza risasi. Siku za kwanza inapendeza sana, sikatai. Ngoja sasa jua la Septemba na Oktoba liipige, rangi inafifia, pembe zinafunguka, vumbi linaingia chini ya plastiki na hapo huwezi tena kusafisha. Kama bajeti yako ni ya kubandika, bandika, hakuna ubaya, lakini usilipe bei ya vitro.

Vitro yenyewe rangi haiko juu ya kioo, iko ndani. Mchanga unayeyushwa pamoja na soda ao majivu ya miti na chokaa, na ndani ya ule uji wa moto wanatia madini: kobalti inatoa buluu, shaba inatoa kijani ao nyekundu kufuatana na moto na hewa ya tanuru, manganezi inatoa zambarau, dhahabu kidogo sana inatoa waridi. Soma tena ile orodha wewe mtu wa Katanga. Kobalti, shaba, manganezi! Ile buluu ya katedrale ya Chartres kule Ufaransa ambayo watu wanatoka dunia nzima kuiangalia, vioo vyake vingi ni vya kati ya 1200 na 1240 hivi, ni kobalti, na imewaka karne na karne kabla mtambo wa shaba haujawashwa hapa Lubumbashi 1911. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu, lakini kioo cha buluu papa anakiagiza Afrika Kusini, kinapita mpaka wa Kasumbalesa, kinalipiwa ushuru, kinafika Kamalondo bei imepanda vibaya. Hii inaniuma na nitaisema kila mahali. Madini yanatoka hapa kwa malori usiku na mchana na hakuna hata tanuru moja ya kutuyeyushia kioo cha rangi.

Turudi ku atelie. Ukienda mara ya kwanza hawaanzi na bei, papa anakuuliza dirisha linaangalia wapi. Nilifikiri ni maongezi tu, kumbe ndiyo msingi wa kazi. Alinieleza hivi: "Mama, vitabu vya hii kazi vimeandikwa na watu wa Ulaya, kwao jua kali linatoka kusini na mwanga wa upole unatoka kaskazini. Hapa geuza." Na ni kweli, kuanzia Mei mpaka Agosti jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini ndio unapigwa mchana mzima wakati wa baridi. Akatuwekea rangi nzito, buluu na nyekundu, kaskazini na magharibi, halafu kusini akaweka nyepesi, kijani ya majani na njano na cheupe kingi, ili kapela isiwe giza wakati wa mvua. Leo ukiingia misa ya asubuhi mwezi wa Januari na mawingu yamejaa, bado unasoma kitabu cha nyimbo bila kuwasha taa. Kwa hilo peke yake nawapa heshima.

Desini wanafanya ndogo kwanza ku karatasi, pale unaweza kubadilisha unavyotaka (badilisha hapo hapo, baadaye kila badiliko linalipiwa), halafu wanachora kubwa ya kipimo cha kweli, wanaiita kartoni. Sisi tuliomba dirisha moja liwe na msalaba wa shaba, ile kroazeti ya zamani ya Katanga, na lingine liwe na Mwenyeheri Anuarite, mtawa shahidi wa Kongo. Kartoni inakatwa vipande vipande na makasi ya ajabu kidogo, iko na meno matatu, inatoa uzi mwembamba wa karatasi katikati, haufiki milimita 2. Ule uzi ni nafasi ya moyo wa risasi. Fundi asiyefanya hivyo kila kipande kinazidi kidogo, kidogo kidogo inajumlishwa, na mwisho paneli haiingii ku fremu. Zamani hata karatasi hawakuwa nayo, mtawa Theophilus aliyeandika namna ya kufanya kazi hii kwenye karne ya 12 anasema chora juu ya ubao uliopakwa chokaa, kata kioo na chuma cha moto, halafu tafuna pembe na chuma kingine mpaka umbo litoke. Nilipomshikilia papa kipande cha kroazeti akitafuna pembe ya ndani na koleo lake, punje za kioo zikianguka kama chumvi ku meza, nilielewa kwa nini mkato wa kuingia ndani unalipiwa zaidi. Kioo kinapenda kupasuka moja kwa moja, ukikilazimisha kupinda kinavunjika.

Halafu risasi. Inakuja kama utepe mrefu wenye mifereji miwili, ukiutazama kwa upande wa mkato ni herufi H imelala. Wanauvuta kwanza na koleo mbili unyooke na ukaze, halafu wanajenga kuanzia pembe moja ya meza: kioo, risasi, kioo, risasi, na misumari inashikilia kila kitu kisitembee. Kusude, yaani kuunganisha na bati ya moto, wanasude tu pale risasi mbili zinapokutana, wanasugua mshumaa kidogo, bati inashuka, inakaa kama kifungo cha shati. Angalia vile vifungo ukienda kuchukua kazi yako. Kama viko bapa na laini pande zote mbili, fundi ni fundi. Vya huyu papa ni vizuri kabisa, vya vijana wake bado vinapandapanda lakini vinashika.

Sasa sehemu ambayo wengi wanaiba kazi ni mastiki. Paneli ikishasudewa bado inacheza, ukiigonga inalia. Lazima wapake mastiki ya chokaa, mafuta ya kitani na masizi, waisukume na brashi ngumu chini ya kila mdomo wa risasi, pande zote mbili, halafu wamwage unga wa chokaa ao wa mbao na kusugua mpaka mikono iume. Hiyo ndiyo inazuia mvua na ndiyo inaifanya paneli iwe ngumu. Gonga na kidole: ikisikika ting ting ya vioo vinavyotikisika, rudisha. Hapa sikuona udanganyifu wowote, walisugua siku nzima, na ule weusi unaoingia ku risasi baada ya hapo unafanya rangi zitoke mara mbili.

Uso wa Anuarite. Hapa niruhusuni nikae kidogo. Uso haukatwi, unachorwa juu ya kioo na grizaye, rangi ya unga wa kioo na madini ambayo inapikwa ku tanuru kwenye digri 600 na kitu mpaka inashikana na kioo milele. Theophilus alichanganya yake ya shaba iliyochomwa na kioo kilichosagwa, kwa divai ao mkojo. Papa anatumia maji na gundi ya miti na siki kidogo. Anapaka uso wote kijivu, halafu anaondoa. Anaondoa na kijiti, na sindano, na kidole, mwanga unatoka ku paji la uso, ku pua, ku mdomo wa chini. Yaani anachora kwa kutoa! Na ile duara ya utakatifu juu ya kichwa ni njano, iko ku kioo kile kile cha kitambaa cheupe, bila risasi katikati, na hiyo ni fedha, wanapaka ku mgongo wa kioo, ikipikwa inaingia ndani na kuwa njano ya asali. Mbinu hiyo ilienea Ulaya tangu mwanzo wa miaka ya 1300 na mpaka leo hakuna aliyepata njia nzuri zaidi. Wamama wa jumuiya wakiingia wanasimama pale kwanza kabla ya kukaa. Uso ni wa mtu wetu, si uso wa Mzungu uliopakwa kahawia, na hilo tulilisisitiza na papa alilifanya kwa moyo.

Shida ni tanuru ni la umeme. Umeme ukikatika katikati ya kupika, kioo kinapoa haraka na kinapasuka, wanaanza upya. Ndiyo sababu kubwa ya kuchelewa, na walichelewa sana, sherehe yetu ilipita dirisha moja likiwa bado na mbao. Ukiwa na tarehe ya ndoa ao ya upadrisho, agiza mapema mno.

Nyekundu pia uliza. Nyekundu ya shaba ni nzito hivi kwamba kioo chote kikiwa nyekundu kinakuwa karibu cheusi, kwa hiyo tangu zamani wanaweka ngozi nyembamba ya nyekundu juu ya kioo cheupe. Ni kati ya rangi za ghali, na bei ya mwisho inategemea sana umetumia nyekundu kiasi gani na vipande ni vingi namna gani. Ndiyo maana siandiki bei hapa, mita moja ya mraba ya vipande vikubwa na mita moja ya vipande vidogo ni kazi mbili tofauti kabisa.

Sasa lile baya. Atelie inatengeneza, lakini kufunga wanawapa watu wengine wa kazi za alumini, na wale hawajui risasi. Risasi ni laini, paneli ndefu haiwezi kujisimamia, inahitaji fimbo za chuma za kulala, kila sentimita 40 hivi, na waya za shaba zilizosudewa ku paneli zifungwe ku zile fimbo. Ndiyo hiyo imeshikilia vioo vya katedrale za Ulaya kwenye upepo miaka 800. Dirisha letu refu wale jamaa walilipigia silikoni pande zote bila fimbo hata moja, wakapokea pesa, wakaenda. Mvua za kwanza kubwa tu, dirisha likaanza kutoa tumbo, maji yakashuka mpaka ku ukuta, kioo kimoja cha kroazeti kikapasuka. Papa alipoitwa alikuja mwenyewe, akalishusha, akalinyoosha ku meza, akabadilisha kipande, akafunga fimbo, bila kudai hata franka. Alifanya vema. Lakini ile silikoni kuitoa ilikuwa mateso, inakwangua risasi, na ingeweza kuepukwa kabisa kama angesimama pale siku ya kufunga.

Kingine, vijana wanakula chakula ndani ya atelie, mkate mkononi na vumbi la risasi ku vidole. Niliwaambia na narudia hapa. Kabwe ya Zambia iko pale ng'ambo ya mpaka, tunajua risasi imefanya nini kwa watoto wa kule. Nawa mikono, kula nje, badilisha nguo kabla ya kwenda nyumbani kwa watoto. Dirisha likishafungwa halina shida kwa wanaoliangalia, wanaokaa kwenye hatari ni wale wanaoligusa kila siku. Na wewe mteja usiende pale na mtoto mdogo.

Vitro za zamani pia wanatengeneza. Walipokea mbele yangu paneli ya parokia moja, na nilipenda kwamba hawakukimbilia kuosha na asidi, walisafisha na maji na brashi laini, kwanza walipiga picha na kunakili mistari yote ya risasi ku karatasi. Mmoja wa kamati alisema vioo vya zamani ni vinene chini sababu kioo kinatiririka polepole, papa akamwambia hapana, kioo hakitiririki, zamani walikipuliza kwa mdomo kwa hiyo unene haukuwa sawa. Ana subira na wateja, hilo lazima niliseme.

Kwa kapela, kwa chumba cha sala, hata kwa mlango wa nyumba, nitawatuma watu pale bila wasiwasi. Kama kuko watoto wanaocheza mpira karibu, omba kinga ya nje, lakini iachiwe nafasi ya hewa juu na chini, la sivyo unyevu unabaki katikati na kuharibu grizaye. Avansi ni nusu kwa dola. Ku fakta ya malipo waandike upana wa risasi, idadi ya fimbo za chuma, na kwamba papa mwenyewe atakuwepo siku ya kufunga. Nenda asubuhi, Jumamosi mchana wamefunga.