Uzoefu wangu: maturubai mawili na banda la makuti kwa boti ya faiba inayolazwa nyumbani

Mwenye boti ya faiba anayeilaza nyumbani huku pwani, pesa yake ya kwanza iende kwenye kivuli kinachokaa juu ya boti bila kuigusa. Turubai lifuate baadaye, kama bado litahitajika. Nasema hivyo baada ya kutumia turubai la bluu la dukani, turubai zito la kushonesha kwa fundi, na sasa banda la makuti lenye neti upande mmoja, vyote kwa boti ileile na ua uleule, hapa Sahare, Tanga.

Boti yangu ina urefu wa futi 19, mashine moja ya nguvu farasi 40, na inakaa juu ya tela. Naitumia kuvua kwa mshipi na kupeleka wageni visiwa vya Toten na Yambe. Kuiacha majini muda wote sikutaka. Faiba ikikaa baharini miezi, tumbo linaota majani na magamba, na maji yakipenya polepole kwenye jelikoti, ile ngozi ya juu inayong'aa, yanatokea malengelenge. Tena kuna wizi wa mashine usiku, jambo linalomnyima usingizi kila mwenye boti. Kwa hiyo kila tukirudi tunaivuta kwa pikapu mpaka nyumbani, na nyumbani adui ni jua.

Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa, na hata miezi mingine halisogei mbali. Kwenye kipimo cha mionzi ya urujuanimno kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, 11 kwenda juu ndiyo daraja la mwisho la hatari, na siku ya kaskazi isiyo na wingu huku kwetu inafika huko bila shida. Mionzi hiyo ndiyo inayoila jelikoti. Unene wake kwa kawaida haufiki hata milimita moja. Jua linaichambua taratibu, mng'ao unakufa, halafu pitisha kiganja ukingoni uone: kinatoka na unga mweupe, laini kama wa chokaa. Unga ule ni ngozi ya boti inayoondoka. Ukimwita fundi wa polishi za magari akausugua kwa kompaundi, boti itang'aa tena, ila kila anaposugua kuna sehemu ya ngozi inayokwenda moja kwa moja. Ndiyo maana nasisitiza kivuli kwanza, polishi baadaye.

Vyombo vya mbao vina shida nyingine. Mbao zikikauka zinajikunja, maungio yanaachia na kalafati inayoyaziba inatoka, na wavuvi wanaijua dawa yake tangu zamani: wanakifunika chombo kwa makuti ya kumba na kuacha maji kidogo ndani. Faiba haitaki maji ndani. Inataka kivuli na ukavu kwa pamoja, na hapo ndipo maturubai mengi yanaposhindwa.

Turubai la bluu ndilo analoanza nalo karibu kila mtu, maana lipo kila duka la vifaa vya ujenzi na bei yake haiumizi. Ni plastiki iliyofumwa, nyepesi. Kwa mvua ya siku chache au kufunikia saruji linafaa sana. Kwa jua la mwaka mzima halifai. Langu halikumaliza msimu mmoja wa kaskazi. Lilianza kupauka mgongoni, pale linapopokea jua la saa sita, kisha likawa linakatika ukilikunja, mwisho likaanza kumwaga vipande vidogovidogo vya bluu. Hivyo vipande vilinikera kuliko hasara ya pesa. Viliingia ngamani, chini kabisa ndani ya boti, vikajazana kwenye kichujio cha pampu ya kutolea maji, ikabidi niifungue pampu na kuvitoa kwa koleo ndogo, kimoja kimoja. Pampu kama hiyo ikiziba mkiwa nje ya mwamba na wageni ndani, ni hatari ya kweli.

Halafu kuna upepo. Turubai jepesi hata ulikaze vipi linapigapiga, na chini yake kuna vumbi na chumvi, kwa hiyo kila likipiga linasugua. Kwenye boti yangu ukingo wa omo, yaani mbele ya boti, ulichubuka palepale ambapo zile pete za turubai zilikuwa zinagonga. Wengi wetu hufungia mipira ya tyubu, ile ya kufungia mizigo kwenye pikipiki. Inavuta vizuri na inafuata upepo, lakini usiiache iguse faiba nyeupe, inaacha mistari myeusi isiyotoka kwa sabuni.

Baada ya hapo nilimleta nyumbani mzee mmoja anayeshona maturubai ya malori. Nikamwambia, “Shikamoo mzee. Nataka lifunike boti mpaka chini, lisibakize hata pembe.” Akaitika marahaba, akaizunguka boti kimya, ndipo akaniuliza, “Sasa mwanangu, ukilifunga mpaka chini, hewa itapita wapi?” Kwa swali hilo tu alistahili kulipwa.

Kitambaa alichotumia ni poliesta iliyopakwa PVC, ile nzito inayokwenda kwenye gramu 600 hivi kwa mita ya mraba. Uzi nao ni wa poliesta. Hili la uzi muulizeni fundi mapema, kabla hajakata kitambaa, kwa sababu juani uzi ndio unaotangulia kufa, na wa pamba au nailoni unakufa mapema zaidi. Katikati alilaza bomba kutoka omo hadi tezi, yaani nyuma ya boti, juu ya vihimili vitatu, ili turubai likae kama paa na maji yateleze, yasifanye dimbwi. Pembeni akaliishia kiganja kimoja chini ya ukingo. Mbele na nyuma akaacha matundu yenye kofia, hewa ipite mvua isiingie. Kila mahali ambapo turubai lingegusa chuma au kioo, alishona ndani kipande cha kitambaa laini.

Kazi ile naisifu mpaka leo. Turubai bado zima, mshono hata mmoja haujaachia. Bei ilikuwa mara kadhaa ya lile la bluu na ilistahili. Hata hivyo lina mipaka yake. PVC haipumui, na saa saba mchana ukiingiza mkono ndani unapokewa na joto zito, matundu yasisaidie sana. Masika ilipokuja, viti vilishika koga nyeusi kwenye mishono. Na uzito wenyewe: kulivua na kulivalisha kunataka watu wawili. Ukirudi baharini jioni umechoka, na kesho alfajiri unatoka tena, utaliacha limekunjwa pembeni, na boti itakaa wazi kutwa nzima siku safari itakapoahirishwa.

Banda ndilo lililomaliza shida. Nguzo ni za mivinje, zimepakwa oili chafu sehemu ya chini kwa ajili ya mchwa na kusimamishwa kwenye zege. Paa ni makuti ya viungo, yamepangwa karibukaribu na kupewa mwinamo mkali ili mvua isikae. Upana mita nne, urefu mita tisa, boti na tela na mashine vinaingia vyote na mtu anapita pembeni. Seremala alinishauri niezeke kwa bati kwa sababu linadumu. Nilikataa. Bati tupu linapokea joto na kulishusha kwa kilicho chini yake, na kwa hewa ya chumvi ya huku linaota kutu. Maji ya kutu yakidondokea faiba nyeupe yanaacha madoa ya kahawia yanayosumbua kutoka. Makuti yanapumua. Saa saba hiyohiyo, chini ya makuti, unaweka kiganja kwenye ukingo wa boti na kukiacha hapo unavyotaka. Juani hukiachi.

Mwelekeo wa banda una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Paa linazuia jua la juu, lakini la asubuhi na la jioni linaingia ubavuni. Banda langu limelala mashariki hadi magharibi, kwa hiyo jua la chini linakutana na ncha ya boti, si ubavu mzima. Tezi, yenye mashine, inatazama ukuta wa nyumba ulioko mashariki. Upande wa magharibi nimetundika neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, ya asilimia 80, nyeusi. Ziko za kijani pia, lakini chagueni nyeusi: kaboni inayoipa rangi ndiyo hiyohiyo inayoikinga isiharibiwe na jua. Nimeifunga mbali kidogo na boti ili hata upepo ukiivuta isifike. Juni na Julai jua linaegemea kaskazini, kwa hiyo upande huo nilimwomba fundi ashushe makuti chini zaidi kuliko upande wa kusini.

Kasoro za makuti zipo. Yakiwa mapya yanamwaga vumbi na vijiti, kwa hiyo boti inataka kufagiliwa. Mijusi wanahamia na kuacha uchafu. Panya nao wanapenda, na panya akiingia kwenye boti anatafuna nyaya. Kunguru wale wenye shingo ya kijivu, waliojaa pwani yote, walikuwa wanashuka kudonoa sponji ya viti mpaka nilipoanza kuvitoa viti na kuviweka ndani. Baada ya miaka michache paa litahitaji kuezekwa upya. Kubwa kuliko yote ni moto. Jiko la mkaa nyumbani kwangu liko upande wa pili wa ua, na tanki la petroli halilali bandani hata usiku mmoja. Tanki lile jekundu la plastiki linavimba kwa joto na kutoa mvuke. Linakaa kwenye kibanda cha matofali chenye hewa, mbali na jiko.

Kuna wanaosema mti unatosha. Mti ni kivuli kizuri kwa mtu. Kwa boti, mkungu unadondosha majani na matunda yanayotia madoa, mwembe unadondosha utomvu, na chini ya mnazi sihitaji kueleza.

Mengine ni kazi ndogondogo ambazo banda peke yake haliwezi. Boti ioshwe kwa maji ya bomba kila ikirudi, na mashine iwashwe kwa maji yasiyo na chumvi hadi chumvi itoke, kisha iachwe imesimama wima ili maji yaliyobaki yachuruzike. Kizibo cha nyuma kitolewe, omo iinuliwe kidogo kwa gurudumu la mbele la tela. Mpira wa mafuta pamoja na kile kibofu cha kuvutia vichomolewe na viwekwe ndani, kwa sababu juani vinakakamaa na kupasuka. Betri nayo itolewe. Kwenye joto inajimaliza yenyewe haraka. Nta napaka mara baada ya kuosha na kukausha vizuri, naanza na sehemu za juu, kwani hizo ndizo jua linazozipata hata tukiwa baharini.

Jaketi okozi nazitaja peke yake. Nimeona boti nyingi zikiwa zimelazwa na jaketi zimeachwa juu ya viti, rangi ya machungwa imegeuka waridi. Kitambaa kilichofika hapo kimeshadhoofika, na mikanda yake pia. Shika mkanda uuvute kwa nguvu zote ukiwa nchi kavu. Ukikatika mkononi mwako, ungekatika kwa abiria wako. Zangu zinaning'inia chumbani, penye giza na hewa. Vivyo hivyo kamba, hasa zile za plastiki zinazoelea: jua likizila zinaanza kutoa nyuzi fupi zinazochoma viganja. Kamba ya nanga isiyoaminika sitaki hata kuiona ndani ya boti.

Tela pia ni la kuangaliwa. Linakaa wiki nzima mahali pamoja, matairi yamebeba uzito, jua likiyapiga ubavuni yanapasuka mipasuko midogo huku kashata zake, yaani meno ya tairi, bado nzuri. Mimi napiga jeki na kuweka tofali za saruji chini ya ekseli, halafu naegemeza vipande vya lile turubai la bluu lililobaki mbele ya matairi. Kwa kazi hiyo linatosha.

Turubai zito sikuliuza. Nalivalisha masika, mvua inapokuja na upepo wa kusi na kupita chini ya makuti, au nikisafiri. Chini ya banda halipati jua la moja kwa moja, kwa hiyo litadumu zaidi, na ndani hakuna lile joto.

Aliyepanga nyumba, au mwenye ua usioruhusu banda, ningemshauri hivi: nguzo nne za bomba, neti nyeusi ya asilimia 80 ivutwe juu kwa mwinamo, ikae walau nusu mita juu ya boti, na chini yake turubai la PVC lenye bomba la katikati na matundu ya hewa. Neti peke yake haizuii mvua na turubai peke yake linapika boti, lakini vikikaa pamoja vinasaidiana. Mwenye pesa ya kimoja tu kwa sasa, aanze na neti, atoe kizibo cha nyuma ili maji ya mvua yapite, na viti avitoe. Siku ya kuhama anaikunja na kuondoka nayo.