Biringanya: ndooni au ardhini?

Miche ya biringanya ikifikisha wiki 6 hadi 8, swali hurudi palepale: ihamie ndooni au ardhini? Kwa gharama, ardhi inashinda, maana ndoo ya lita 20 hubeba mche 1 tu. Kwa maji pia: ndoo hukauka upesi, na jua likiwa kali utamwagilia kila siku.

Lakini kuna mnyauko wa bakteria! Huo hujificha udongoni kwa miaka, hasa palipooteshwa nyanya, pilipili au viazi mviringo, na mmea ulionyauka hauponi. Hapo mimi huchagua ndoo yenye udongo safi bila kusita.

Una eneo lisilo na ugonjwa na unasafiri mara kwa mara? Ardhini. Una kibaraza tu chenye jua la kutosha? Ndoo, ila itoboe chini.