Duka la spea za friji za gesi, Shipshewana: dola 47 badala ya 1,900

Kempa yetu, nyumba ndogo ya kukokotwa na gari, ni ya 1989. Tuliinunua kwa jirani aliyekuwa anahamia Florida, na kilichonivutia zaidi ya vyote ni friji yake: ya kampuni ya Dometic, ya kitasa cha kubonyeza, inawaka kwa gesi ya propani, haiombi umeme hata chembe. Mume wangu anatumia insulini. Tukienda kupiga kambi mahali pasipo na umeme, friji hiyo ndiyo inayonipa usingizi.

Mwezi Mei ikagoma. Unabonyeza kitasa, unawasha, moto unashika. Ukiinua kidole tu, moto unazimika. Wakala mmoja wa kempa hapa Fort Wayne, Indiana, Marekani, aliitazama akiwa amesimama, hakufungua hata kifuniko cha nyuma, akasema friji za umri huo hazina spea tena, nilipe dola 1,900 aweke mpya. Nikaagiza mtandaoni thamokapo, kifaa kinachohisi moto, iliyoandikwa kwamba inaingia friji zote. Ilipofika, nati yake haikukubali kwenye vali yangu, na waya wake ulikuwa mfupi kwa karibu shibiri nzima.

Nikampigia mama simu Tanga. Sikumpigia kwa ajili ya friji, lakini mazungumzo yakafika huko. Mama alikuwa muuguzi wa zahanati wilayani Handeni, na kwa miaka mingi alitunza chanjo kwenye friji ya mafuta ya taa, Electrolux, iliyokuwa ikiwaka usiku na mchana. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Mwanangu, moto wake una rangi gani kabla haujazimika?" Nikamwambia wa manjano. "Basi kuna uchafu chini na masizi juu. Mwambie fundi asafishe bomba la moshi kwanza, asikuuzie kitu." Yeye alikuwa akisafisha lake kila wiki kwa brashi ya waya, akikata utambi kwa mkasi, na kuandika joto asubuhi na jioni, kati ya digrii 2 na 8. Sikuwahi kujua kwamba friji ya kempa na ile ya zahanati ni ndugu wa damu. Zote zinatokana na kazi ya wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, ya mwaka 1922: unachemsha mchanganyiko wa amonia na maji, mvuke unapanda, unazunguka kwenye mabomba pamoja na haidrojeni, na baridi inapatikana bila mota wala pampu. Kinachochemsha kinaweza kuwa gesi, mafuta ya taa au umeme.

Sasa duka lenyewe. Liko nje kidogo ya Shipshewana, mji mdogo wa Indiana, mwendo wa saa moja na ushee kutoka kwetu, kwenye barabara ya changarawe, na mlangoni pana kibao cha mbao kilichoandikwa tu kwamba wanatengeneza friji za gesi. Mwenye duka ni mzee wa Kiamish, jamii ya Kikristo inayoishi kwa desturi za zamani. Ukifikiri kidogo utaelewa kwa nini ujuzi huu umekaa huku: Waamish wengi hawaungi umeme wa gridi majumbani, kwa hiyo friji ya gesi kwao si kifaa cha likizo. Ni ya maziwa ya watoto. Mzee aliniambia ya jikoni kwake inafanya kazi kama yangu, ila ni kubwa zaidi.

Ndani kuna harufu ya kutu na mafuta ya mashine. Ukuta mmoja umejaa mitambo ya baridi, yale mabomba meusi ya mgongoni, mingine mizee, mingine iliyofufuliwa na kupakwa rangi. Ukuta wa pili ni makopo ya kahawa, kila kopo na namba yake. Hakuniuliza friji ni ya mwaka gani. Aliuliza namba ya modeli na namba ya bidhaa, zile zilizo kwenye kibandiko ndani ya friji, ukutani upande wa kushoto. Nyingine zote, alisema, ni kubahatisha. Ziandike kabla hujatoka nyumbani.

Tulikuwa tumeikokota kempa hadi pale. Kwanza akaweka pimamaji sakafuni mwa friji na kutuomba tusogeze gurudumu moja juu ya ubao, kwa sababu friji hizi hazipoi zikilala upande. Kisha akapima shinikizo la gesi kwa mpira wenye maji: inchi 11 za maji, sawasawa. Akafungua bana, pale gesi inapowakia. Vipande vya kutu vilikuwa vimeanguka kutoka kwenye bomba la moshi vikaifunika, na nikamkumbuka mama. Akapitisha brashi, akatoa kile chuma kilichosokotwa kinachoning'inia ndani ya bomba, kikamkatikia mkononi. Jeti, kitundu kinachopitisha gesi kwenda kwenye bana, nayo ilikuwa imeziba. Nilitaka kuichokoa kwa sindano, akanizuia: tundu likipanuka kidogo tu, moto unaharibika. Huloweshwa kwenye spiriti, ikishindikana hubadilishwa. Yangu ilibadilishwa.

Mwisho akaigusisha thamokapo ya zamani na mita huku ncha ikiwa motoni. Milivolti 6. Nzima hutoa kama 25 hadi 30, na umeme huo mdogo ndio unaoshikilia vali ya gesi ikae wazi. Ndiyo maana moto ulikuwa ukifa nikiachia kitasa. Alinifungia ya urefu wake na nati yake, akapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo kutafuta povu, akawasha. Moto wa buluu, mkali, ukivuma taratibu.

Thamokapo dola 28, jeti 14, chuma kingine cha kusokotwa, cha mtumba, 5. Kazi ya karibu saa mbili hakuitoza. Alisema angetoza kama angeutoa mtambo. Nilikuwa tayari nimebeba pesa za mtambo mzima uliofufuliwa, dola 650, na angeweza kuniuzia. Aliniambia mtambo wangu hauna unga wa manjano kwenye mabomba wala harufu ya amonia, basi niuache.

Kasoro zipo. Hapokei kadi, ni taslimu au hundi. Simu iko kwenye kibanda nje, unaacha ujumbe, na mimi nilijibiwa baada ya siku nne. Jumapili amefunga. Bodi za kielektroniki hagusi kabisa, kwa hiyo kama friji yako ni ya vitufe, atakusaidia bana na mabomba tu. Nenda Jumanne au Jumatano kati ya Mei na Septemba, upitie na gulioni pale mjini.

Usiku ule kipimajoto kilisoma digrii 4. Nilikipiga picha nikamtumia mama, akajibu nisome tena asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Asubuhi ilikuwa 3. Kilichobaki ni mpira wa mlango, umepasuka kona ya chini. Mzee hana wa saizi yangu, lakini amechukua vipimo kwa kamba, akaifunga fundo na kuitia kwenye kopo lenye namba ya friji yangu.