Picha ya Yesu na mwanamke Msamaria: kazi ya fundi wa jirani na Soko la Majengo, Dodoma

Picha hii imekaa ukutani miezi miwili, sasa naweza kuisemea. Tuliiagiza kwa ajili ya jumuiya yetu ndogo ndogo: sentimita 90 kwa 60, rangi ya mafuta juu ya turubai, fremu ya mninga. Tulipatana shilingi 180,000, nikatanguliza nusu.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya maduka ya vitambaa. Ukutani kumejaa picha za ubatizo, na karibu zote zina Yordani ya buluu, pana kama ziwa. Mimi nilitaka kisima cha Yakobo, Yohana sura ya 4. Nimekulia upande wa Bahi, na kiangazi tulikuwa tunachota maji kwenye mchanga wa korongo. Unafukua mpaka mchanga ulowe, unapiga magoti, unangoja maji yajikusanye, unachota kwa kata na kujaza ndoo kidogo kidogo, na foleni nyuma yako inangoja. Aliyepitia hayo akisoma ombi la Yesu kwa mwanamke pale kisimani, "Nipe maji ninywe," hakimbilii kutafuta fumbo. Anaona mtu mwenye kiu.

Mchoro wa kwanza haukunifaa. Fundi aliweka kisima chenye kipaa na gurudumu la kamba, maji yamefika ukingoni, Yesu kanzu nyeupe kama imetoka kupigwa pasi. Nikafungua Biblia pale pale. Mwanamke anasema: "Bwana, huna kitu cha kutekea, na kisima ni kirefu." Ukiyaleta maji juu, maneno hayo yanakosa kazi. Yesu amekaa ukingoni, maji yako chini yake na hawezi kuyafikia. Anamwomba mwanamke Msamaria, na Wayahudi hawachangamani na Wasamaria. Halafu ni huyo huyo anayeahidi maji yaliyo hai.

Jambo la pili lilikuwa kivuli. Fundi alikichora kirefu, cha jioni, ilhali Yohana anasema ilikuwa yapata saa sita. Saa sita kivuli unakikanyaga. Kwetu maji yalitekwa alfajiri au jua likishapoa, ndiyo maana wahubiri wengi husema mama huyu alikuwa anawakwepa wenzake, ingawa Yohana hakutaja sababu yoyote.

Fundi hakununa. "Mama, niachie siku chache nisome," akaniambia. Siku ya nne akanipigia simu. Nilipofika akanionyesha kwenye simu yake mozaiki, yaani picha ya vipande vidogo vya rangi vilivyopangwa ukutani, ya karne ya 6, iliyoko kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, Ravenna, Italia. Yesu pale ni kijana asiye na ndevu, amevaa zambarau ya kifalme, ameketi, na mwanamke anavuta kamba kutoka kisimani. Ni kazi nzuri sana. Nikamwomba zambarau aiache, kwa sababu ingeficha uchovu wa safari, lakini kamba aichukue.

Na aliichukua vizuri. Inashuka gizani, maji huyaoni kabisa. Yesu ana vumbi mpaka kwenye vifundo vya miguu, midomo imekauka, kiganja kimelala juu ya jiwe la ukingo. Mtungi fundi ameuweka mbele kabisa, mtupu, mdomo ukitutazama sisi. Sikumwagiza hilo. Ni yeye aliyekumbuka kwamba mwanamke aliuacha alipokwenda mjini kuwaita watu, na kwangu ndiyo sehemu bora ya picha nzima.

Kila mgeni wa jumuiya huuliza maji yako wapi, na masomo huanzia hapo. Juma moja tulisoma mpaka Yohana sura ya 19, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa miaka yote. Pilato anapomtoa Yesu asulibiwe, Yohana anaandika tena: yapata saa sita. Msalabani Yesu anasema, "Naona kiu." Kisha ubavu unachomwa, inatoka damu na maji. Saa ile ile, kiu ile ile. Nililia mbele ya watu, na tangu siku hiyo nikipita naangalia ile midomo kwanza.

Yapo ya kulalamikia. Kazi ilichelewa wiki tatu kwa sababu ya fremu, na ilipokamilika fundi akaongeza shilingi 15,000 ambazo hatukupatana. Turubai imelegea kona ya chini kushoto. Mwanamke naye amechorwa msichana mno kwa mtu aliyekwisha kuwa na waume watano. Ningependa uso uliopigwa na jua na maisha.

Hata hivyo nitarudi kwake, nimeshamwomba bei ya harusi ya Kana yenye mabalasi yote sita. Ukienda, nenda asubuhi, beba Biblia yako, mwonyeshe mstari wenyewe, na bei ya fremu iandikwe kabla hujatoa senti. Vumbi la Agosti lipanguse kwa kitambaa kikavu tu.